Tuzo isiyo na orodha fupi: wasomaji wanavyopima vitabu vinavyowania Medali ya Newbery

*Waamuzi 15 hukaa faraghani kuchagua kitabu bora cha watoto nchini Marekani. Nje ya mlango wao, wakutubi, walimu na watoto hufanya kazi hiyohiyo kwa sauti.*

Medali ya Newbery, ambayo ndiyo tuzo ya kwanza duniani kuanzishwa kwa ajili ya vitabu vya watoto, haina orodha fupi. Tuzo nyingi za fasihi hutangaza kwanza orodha ya namna hiyo, yaani majina machache ya vitabu vilivyopita mchujo wa awali, ili wasomaji wavijue vinavyowania kabla mshindi hajatajwa. Kwa Newbery hakuna jina linalovuja mpaka asubuhi ya Jumatatu moja, kwa kawaida ya mwezi Januari, pale mshindi na wenzake waliomkaribia wanapotangazwa kwa pamoja.

Utaratibu huo humwachia msomaji kazi kubwa. Vitabu vya watoto vinavyochapishwa Marekani kwa mwaka mmoja huhesabiwa kwa maelfu, na anayetaka kuvisoma vinavyowania kabla ya siku ya matangazo hana wa kumwambia aanze na kipi na akiache kipi. Ndiyo sababu wakutubi, walimu na wapenzi wa fasihi ya watoto wamejenga desturi ya kujitengenezea orodha yao wenyewe, kuisoma kwa miezi kadhaa, kuijadili kwa vigezo vilevile vya tuzo rasmi na kuipigia kura kabla jopo halijatoa uamuzi. Kwa kuwa huitangulia tuzo yenyewe kama mtihani wa majaribio unavyoutangulia mtihani wa taifa, desturi hiyo itaitwa hapa tuzo ya majaribio.

Ndani yake limo swali zito kuliko linavyoonekana kwa nje. Je, kitabu bora cha mtoto ni kile ambacho watu wazima wenye ujuzi wamekipima na kukikuta kimekamilika kisanaa, au ni kile ambacho watoto wenyewe wakikishika hawakiachii? Jibu lina matokeo ya miaka mingi, kwa kuwa kitabu kilichopata medali hubandikwa nembo ya dhahabu kwenye jalada, hununuliwa na maktaba nchi nzima, huingia darasani, na kwa kawaida huendelea kuchapishwa kwa miongo kadhaa wakati wenzake wa mwaka uleule wameshasahauliwa.

Medali na masharti yake

Wazo la tuzo hii lilitolewa mwaka 1921 na Frederic Melcher, mhariri aliyeishi maisha yake yote katika biashara ya vitabu, mbele ya wakutubi wa watoto waliohudhuria mkutano wa Chama cha Maktaba cha Marekani. Alipendekeza ipewe jina la John Newbery, muuza vitabu wa London wa karne ya 18 aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuchapa vitabu vya kumfurahisha mtoto, katika zama ambazo kitabu cha mtoto kilikuwa cha kumfunza adabu na dini basi. Mshindi wa kwanza, mwaka 1922, alikuwa Hendrik Willem van Loon kwa *The Story of Mankind*, kitabu cha historia ya dunia. Medali ya Caldecott, ambayo hupewa mchoraji wa kitabu cha picha, yaani kitabu ambacho michoro hubeba simulizi sawa na maneno au kuyazidi, ilifuata mwaka 1938.

Masharti ya Newbery ni machache lakini yamebana. Kitabu kiwe kimechapishwa Marekani katika mwaka uliotangulia, mwandishi wake awe raia au mkaazi wa nchi hiyo, na kiwe kimekusudiwa msomaji asiyezidi umri wa miaka 14. Hupimwa kitabu chenyewe, kwa hiyo sifa alizozipata mwandishi kwa kazi zake za nyuma hazihesabiwi, wala hakilinganishwi na kitabu cha mwaka mwingine. Waamuzi hutazama namna dhamira inavyofasiriwa, usahihi na mpangilio wa taarifa, msuko wa matukio, uchoraji wa wahusika, mandhari, na kufaa kwa mtindo wa lugha. Si lazima kila kitabu kiwe bora katika yote hayo, kwa kuwa kitabu cha sayansi hakidaiwi msuko na diwani ya mashairi haidaiwi faharasa.

Sharti linalozua ubishi kuliko mengine yote huja mwishoni: medali haitolewi kwa sababu ya mafunzo ya maadili yaliyomo kitabuni, wala kwa sababu kitabu kinapendwa na wengi.

Vitabu vinavyoukaribia ushindi huitwa vitabu vya heshima, jina lililoanza kutumika mwaka 1971 badala ya lile la awali la washindi wa pili, na ambalo lilirudishwa nyuma likavipa hadhi hiyohiyo vitabu vya miaka iliyotangulia.

Hesabu ya kura

Jopo la waamuzi lina watu 15, wengi wao wakiwa wakutubi wa watoto, ambao husoma mwaka mzima, hupendekeza vitabu kwa maandishi, kisha hukutana kwa siku chache za majadiliano ya faragha ambayo hawaruhusiwi kuyasimulia nje. Katika kura ya siri kila mmoja huandika majina matatu kwa mpangilio: la kwanza hupata pointi 4, la pili 3 na la tatu 2. Ili kishinde, kitabu sharti kiwe na angalau kura 8 za nafasi ya kwanza, na wakati huohuo kikiache kinachokifuata kwa angalau pointi 8.

Mfano unaonyesha uzito wa kanuni hiyo. Ikiwa kitabu kimoja kimepata kura 8 za nafasi ya kwanza na 2 za nafasi ya tatu, kitakuwa na pointi 36, na ikiwa cha pili kimepata kura 7 za nafasi ya kwanza na 5 za nafasi ya pili, kitakuwa na pointi 43. Cha kwanza kimetimiza idadi ya kura lakini kimeachwa nyuma kwa pointi, na cha pili kinaongoza kwa pointi lakini kura zake za kwanza hazitoshi. Mshindi hajapatikana, na waamuzi hurudi mezani, hujadili upya na kupiga kura nyingine.

> Kitabu kinachopendwa mno na nusu ya jopo na kukataliwa na nusu ya pili kina njia nyembamba mno ya kufika kwenye medali.

Kwa hesabu hiyo, kitabu kinachofika mwisho kwa kawaida ni kile ambacho wengi wamekiweka juu na karibu wote wamekipa nafasi mahali fulani katika zile tatu. Vikundi vya tuzo ya majaribio vinavyoifuata kanuni hii bila kuipunguza hujifunza jambo ambalo kura ya kunyoosha mikono haiwezi kulifundisha: anayetaka kipenzi chake kishinde hana budi kuwashawishi wengine angalau wakiweke cha pili, na hawezi kuwashawishi kwa kusema tu kwamba kilimtoa machozi. Anapaswa kufungua ukurasa na kuonyesha ni nini hasa mwandishi alichokifanya pale.

Kusoma kwa jicho la mwamuzi

Kazi ya kwanza ya kikundi ni kupata orodha. Wengi huanza na tahakiki za majarida ya taaluma, kama *The Horn Book Magazine* lililoanzishwa Boston mwaka 1924, na *School Library Journal*, ambamo kitabu kilichowavutia wahakiki kuliko kawaida huwekewa alama ya nyota. Kitabu chenye nyota nyingi kutoka majarida tofauti huingia orodhani karibu moja kwa moja.

Njia hiyo ni rahisi na ina hatari yake. Nyota huwafuata zaidi waandishi wenye majina na riwaya za watoto wa miaka 10 hadi 13, kwa hiyo vitabu vya maarifa, mashairi na vitabu vya wasomaji wadogo huachwa pembeni kabla havijasomwa. Mwaka 2016 Medali ya Newbery ilikwenda kwa *Last Stop on Market Street*, kitabu cha picha kilichoandikwa na Matt de la Peña na kuchorwa na Christian Robinson, na wasomaji wengi waliokuwa wamejiandaa kwa miezi walishangaa, ingawa kanuni hazijawahi kukizuia kitabu cha picha kushinda kwa maneno yake. Miaka minne baadaye *New Kid* cha Jerry Craft kikawa kitabu cha kwanza kilichosimuliwa kwa katuni kuipata medali hiyo. Mara zote mbili, kilichoviweka vitabu hivyo nje ya orodha za wengi ni mazoea ya kudhani kwamba kitabu kizito lazima kiwe kirefu.

*Last Stop on Market Street* kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni kipimo kizuri cha usomaji wa kiamuzi. Mtoto CJ anatoka kanisani na bibi yake, mvua inanyesha, wanapanda basi, na njiani mtoto anauliza kwa nini wao hawana gari, na kwa nini wanakwenda kule waendako kila Jumapili. Bibi hamkemei, wala hamhubirii kuhusu umaskini. Kila swali analijibu kwa kumwonyesha kitu kilicho mbele ya macho yake. Wanakokwenda, jikoni ambako wasio na uwezo hugawiwa chakula, hakutajwi mapema, na msomaji anafika pamoja na mtoto. Mwandishi ametumia maneno machache mno, na kila neno likiondolewa pengo linaonekana. Kwa kigezo cha mtindo na cha uchoraji wa wahusika, riwaya ya kurasa 300 italazimika kufanya kazi kubwa kukifikia.

Namna ya kuzungumza nayo ina kanuni zake. Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kiliandaa mwongozo wa majadiliano ambao Ginny Moore Kruse na Kathleen Horning waliuandika mwaka 1989, na ambao vikundi vingi huutumia hadi leo. Mwongozo huo unataka kila kitabu kitazamwe kwa kile kilicho, na si kwa kile ambacho msomaji alitamani kiwe. Unataka sifa zitajwe kwanza na dosari zifuate. Na unawaomba wazungumzaji wasisimulie upya hadithi nzima wala kuleta visa vyao binafsi. Agizo la kusifu kwanza huonekana kama adabu tu. Kwa kweli humlazimisha aliyekichukia kitabu kutafuta nguvu yake, na mara nyingi akiipata huanza kusita.

Kesi ya mwaka 1953

Hakuna uamuzi unaorudiwa katika mabishano haya kama ule wa mwaka 1953. Mwaka mmoja kabla yake E. B. White alikuwa amechapisha *Charlotte's Web*, hadithi ya nguruwe Wilbur anayeokolewa na buibui Charlotte, ambaye hufuma maneno kwenye utando wake ili rafiki yake asichinjwe, ikiwa na michoro ya Garth Williams. Medali ilipewa Ann Nolan Clark kwa *Secret of the Andes*, hadithi ya Cusi, kijana wa Kiinka anayechunga llama katika bonde la juu milimani nchini Peru pamoja na mzee Chuto. Kitabu cha White kiliambulia heshima.

Leo kitabu cha buibui kinasomwa na watoto wa kila bara, na cha Clark hutajwa zaidi na wale wanaosimulia kisa cha tuzo hiyo. Ni rahisi kulitumia jambo hilo kama ushahidi kwamba jopo lilikosea, lakini hoja hiyo ina udhaifu, kwa kuwa waamuzi hawapewi kazi ya kutabiri kitakachopendwa baada ya miaka 70. Haki inataka vitabu vyote viwili viwekwe mezani kwa vigezo.

*Secret of the Andes* kina lugha tulivu yenye taadhima, na mandhari yake imechorwa kwa uangalifu mkubwa: baridi ya mlimani, mwendo wa llama, ukimya wa bonde. Uzito wake umo katika uamuzi wa Cusi, anayeshuka mjini Cuzco kutafuta familia na kugundua kwamba anayoitafuta aliiacha nyuma yake. Msuko, hata hivyo, unakwenda polepole, na wahusika hubaki mbali na msomaji kana kwamba wanatazamwa kutoka ng'ambo ya bonde.

Upande wa pili, White amewaumba wanyama wa zizini wenye sauti zinazotofautiana kiasi kwamba mtoto anayesomewa humtambua panya Templeton kabla hajatajwa jina. Amesuka hadithi yake juu ya mzunguko wa majira, hivyo kifo cha Charlotte, ambaye anakufa peke yake kwenye uwanja wa maonyesho wakati rafiki yake ameshaondoka, kinakuja kama vile majira yanavyokuja, bila kupunguzwa makali kwa ajili ya msomaji mdogo na bila kumtisha. Kumwamini mtoto kiasi hicho ndiko masharti ya tuzo yanakokutaka yanaposema kwamba kitabu kiheshimu uelewa na uwezo wa watoto. Kwa vigezo vyenyewe, bila kuongeza umaarufu wake wa baadaye hata chembe, *Charlotte's Web* ndicho kilichostahili medali ya mwaka ule.

Pande mbili za ubishi

Mwezi Oktoba 2008 Anita Silvey, aliyewahi kuwa mhariri wa *The Horn Book Magazine*, aliandika katika *School Library Journal* makala iliyouliza iwapo Newbery imepotea njia. Alikuwa amezungumza na wakutubi, walimu na wauza vitabu, na lalamiko lililojirudia ni kwamba washindi wa miaka ya karibuni walikuwa vitabu ambavyo watoto wengi hawavigusi wasipolazimishwa.

Majibu yalikuwa makali. Watetezi wa jopo walikumbusha kwamba kanuni zimeukataa umaarufu waziwazi, na kwamba kitabu kinachopendwa na wengi kina soko la kukitunza, ilhali kitabu kigumu na kizuri kinaweza kufa katika mwaka wake wa kwanza kisipopata wa kukinyanyua. Walisema pia kwamba mtoto mmoja asiyefanana na wenzake, anayekutana na kitabu kimoja kilichoandikwa kana kwamba ni kwa ajili yake, naye ni msomaji anayehesabika.

Januari iliyofuata medali ilikwenda kwa *The Graveyard Book* cha Neil Gaiman, kitabu ambacho tayari kilikuwa kikinunuliwa kwa wingi na kupendwa na watoto. Wapo waliodhani jopo limemsikiliza Silvey. Hakuna ushahidi wa hilo, na kitabu chenyewe, kinachosimulia mtoto anayelelewa na mizimu makaburini, kina ustadi wa kutosha kujitetea kwa vigezo vya sanaa.

Njia nyingine imekuwepo kwa muda mrefu. Katika jimbo la Kansas, tuzo yenye jina la mwandishi wa habari William Allen White ilianzishwa mwaka 1952 kwa utaratibu tofauti: watu wazima hutayarisha orodha, wanafunzi huisoma, na kura ni ya wanafunzi. Mshindi wake wa kwanza, mwaka 1953, alikuwa *Amos Fortune, Free Man* cha Elizabeth Yates, kinachosimulia maisha ya mtu aliyetekwa Afrika, akauzwa utumwani na hatimaye akajinunulia uhuru wake. Kitabu hichohicho kilikuwa kimepata Newbery mwaka 1951. Wanaoamini kwamba watoto na wakutubi hawawezi kukipenda kitabu kimoja wanapaswa kuuelezea mwanzo huo.

> Mtu mzima hawezi kujua kama kitabu kimemheshimu mtoto ikiwa hakuna mtoto aliyeulizwa.

Hoja ya watetezi wa jopo ina nguvu zaidi kuliko ya wakosoaji, kwa kuwa tuzo ya umaarufu ingekuwa kuhesabu tu nakala zilizouzwa. Lakini sharti la kumheshimu mtoto nalo limo katika kanuni hizohizo, na ni vigumu kulipima katika chumba chenye watu wazima peke yao. Ndipo tuzo ya majaribio inapokuwa na thamani kubwa, hasa ile inayofanywa na watoto wenyewe shuleni. Wanafunzi wa miaka 11 waliofundishwa vigezo na kupewa muda wa kujadili hawaishii kusema kitabu kinachosha. Huonyesha kwamba sura tatu za mwanzo zinaeleza jambo moja, au kwamba mhusika wa miaka yao anazungumza kama mwalimu. Huo ni uhakiki halali, na umetoka kwa msomaji ambaye kitabu kiliandikwa kwa ajili yake.

Kiswahili mezani pa Caldecott

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuifuatilia tuzo dada ya Newbery. Mwaka 1972 kimojawapo cha vitabu vya heshima vya Caldecott kilikuwa *Moja Means One*, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kilichoandikwa na Muriel Feelings, ambaye alikuwa amefundisha nchini Uganda, na kuchorwa na Tom Feelings, aliyekuwa amefanya kazi Ghana katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1975 wawili hao walirudi orodhani na *Jambo Means Hello*, kitabu cha alfabeti chenye herufi 24, kwa kuwa Kiswahili hakitumii Q wala X. Tom Feelings alikuwa mchoraji wa kwanza Mmarekani Mweusi kupata heshima ya Caldecott.

Mazingira ya wakati ule yanaeleza uzito wa jambo hilo. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha uchunguzi wa vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji wa Marekani kati ya mwaka 1962 na 1964, akakuta ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na angalau mhusika mmoja Mweusi. Mwaka 1966 ilianzishwa sikukuu ya Kwanzaa, ambayo istilahi zake zimechukuliwa kutoka Kiswahili, na lugha hii ikawa alama ya fahari kwa Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika. Tuzo ya Coretta Scott King, kwa waandishi na wachoraji Weusi, ilianzishwa mwaka 1969. *Moja Means One* kilizaliwa katikati ya mwamko huo, kikimlenga mtoto ambaye hakuwahi kuona namba zikihesabiwa kwa lugha ya Afrika.

Kwa mtoto wa Mombasa au Moshi, kuhesabu moja hadi kumi si habari mpya, na angekipima kitabu hicho kwa michoro. Namba moja ni Mlima Kilimanjaro, umepewa kurasa mbili zinazotazamana, kwa vivuli vya kijivu badala ya rangi kali zilizozoeleka katika vitabu vya wadogo. Nyuso za watu zimechorwa kwa upole na kwa mwanga unaotoka ndani, na hakuna hata mmoja aliyewekwa kama pambo. Mkosoaji anaweza kusema kwamba kurasa hizo zinaichanganya Afrika Mashariki nzima kana kwamba ni kijiji kimoja, na kigezo cha usahihi kinampa haki ya kusema hivyo.

Medali ya mwaka huo ilipewa Nonny Hogrogian kwa *One Fine Day*, hadithi ya mbweha aliyekatwa mkia kwa kunywa maziwa ya bibi kizee, ambaye analazimika kuzunguka kwa huyu na yule ili aurudishiwe. Kila ukurasa unausukuma unaofuata, na kitabu cha kuhesabu hakina nguvu hiyo ya simulizi. Uamuzi wa jopo unaeleweka. Anayevifungua vitabu hivyo viwili bega kwa bega leo, hata hivyo, atakuta kwamba macho hubaki muda mrefu zaidi kwenye kurasa za Feelings.

Mwaka 2010 Afrika Mashariki ilirudi tena, safari hii kwa medali yenyewe. Jerry Pinkney, mchoraji wa kwanza Mweusi kuipata Caldecott bila mshirika, aliichora *The Lion & the Mouse*, hekaya ya kale ya Aesop, katika nyika ya Serengeti. Jalada la mbele halina jina la kitabu, lina uso wa simba tu, na ndani hakuna maneno isipokuwa milio ya wanyama. Mtoto wa Musoma anaweza kukisoma kwa ukamilifu uleule alionao mtoto wa Chicago, bila kungoja mtafsiri.

Nairobi na Dar es Salaam

Upande wa vitabu vya Kiswahili vyenyewe, Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta nchini Kenya, iliyoanza kutolewa mwaka 1974, ina kundi la vitabu vya watoto vya Kiswahili, na hupokea vitabu vilivyokwisha kuchapishwa na kuwekwa madukani. Nchini Tanzania, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, nayo imeongeza kundi la hadithi za watoto. Tofauti yao ni kubwa kwa msomaji. Tuzo ya Nyerere hushindanisha miswada, yaani kazi ambazo hazijachapishwa, na moja ya zawadi za mshindi ni kuchapishiwa kitabu chake. Kwa utaratibu huo mwandishi mpya asiye na mchapishaji hupata mlango, jambo lenye faida kubwa, lakini hakuna mwanafunzi anayeweza kuzisoma kazi zinazowania kabla ya uamuzi.

> Vitabu vya kundi la watoto ni vifupi: darasa zima linaweza kuvisikia vikisomwa kwa sauti ndani ya wiki chache.

Nchini Kenya mlango wa kuvisoma vinavyowania kabla ya uamuzi uko wazi. Kwa miaka mingi matokeo ya tuzo yametangazwa sambamba na Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi mwezi Septemba, na majina ya vitabu vilivyofika hatua ya mwisho hujulikana kabla ya usiku wa tuzo. Kikwazo ni nakala. Maktaba ya mtaa nchini Marekani inaweza kununua nakala kadhaa za kila kitabu kilichomo kwenye orodha ya majaribio, ilhali darasa la watoto 60 katika shule ya kawaida ya Afrika Mashariki likipata nakala moja limebahatika.

Kwa vitabu vya watoto wadogo kikwazo hicho kina ufumbuzi ambao kwa riwaya ndefu haupo. Mwalimu mwenye nakala moja ya kila kitabu anaweza kuvisoma kwa sauti mbele ya darasa, kimoja kwa siku, akavirudia vile ambavyo wanafunzi wanataka kuvisikia tena, akawagawa katika makundi ya watu 15 na kuwapa karatasi ya kura yenye nafasi tatu. Kura 8 za kwanza na pointi 8 za kuongoza zinahesabika ubaoni kwa chaki.